Uzi Mwekundu Kwenye Bawa

Tangu nirudi, kila anayepita karakana yangu hapa uwanja wa ndege wa Ibadakuli, Shinyanga, anasimama mlangoni, penye lile jiwe jeupe ninalozuilia mlango usipigwe na upepo, ananiuliza, "Fundi Shija, hebu tuambie, ilikuwaje?" Naanza kusimulia, kazi inaingilia, mtu anaondoka na nusu ya habari. Juzi nikasikia sokoni kwamba eti tulipita juu ya Rwamgasa tumebebwa na majini. Hapo nikanunua daftari. Someni, mpokezane, na anayetaka kuongeza chumvi aongeze kwenye mboga zake.

Kwanza niwakumbushe jambo moja, maana bila hilo safari yote haieleweki. Wengi wenu mlimjua Kapteni Luhende. Alianguka na ndege ya kampuni yetu hapa hapa kwenye mbuga ya udongo mweusi, akikata kona ya mwisho atue, akiwa peke yake na mizigo ya watu kutoka machimboni. Ndege ile niliikagua mimi. Wachunguzi walikuja, wakapima, wakasema mashine haikuwa na kosa. Siku ya msiba mkewe, Mama Kulwa, aliniita pembeni.

"Shija, ndege ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, shemeji."

"Kwa hiyo mbovu alikuwa mume wangu."

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nikimsalimia alikuwa ananiitikia kwa kichwa tu, na mimi nilikuwa nikipita njia ya mbali ili nisipite mbele ya nyumba yake.

Nikaanza kusoma. Nilisoma kila kitabu cha ndege nilichoweza kuazima, nikaelewa kitu ambacho nilipaswa kukielewa mapema. Saa ya mwendo inakuambia unakwenda kasi gani, lakini haikuambii kama kasi hiyo inatosha. Ndege nyepesi inatosheka na kasi ndogo, nzito inataka zaidi, na inayokata kona inataka zaidi tena. Bawa lenyewe lina pembe yake dhidi ya upepo, na likiinuliwa kupita pembe hiyo linaacha kubeba, hata kama ndani umepakia pamba. Pembe hiyo haibadiliki. Anayeiona pembe anauona ukweli wenyewe.

Vifaa vya kuionyesha vipo huko wanakovitengeneza. Sisi hata honi yetu ya kuonya ilikufa zamani, na kipuri chake kimeagizwa tangu enzi za sukari kupatikana dukani bila foleni. Basi nikachukua kipande cha bati, nikakifunga kwenye nguzo ya bawa la kushoto, mbali na upepo wa propela. Nikachora mistari mitatu kwa rangi ya kucha ya mke wangu, ugomvi wake niwaachie nyie mfikirie. Mbele ya bati nikafunga uzi mwekundu wa sufu. Ndege ikiruka, uzi unalala kufuata upepo. Ukiwa mstari wa chini, uko salama. Wa kati ndio wa kupandia. Ukifika wa juu, bawa liko karibu kukuacha. Mistari hiyo niliipima kwa kuruka juu kabisa asubuhi tulivu, rubani akiinua pua ya ndege mpaka ikose nguvu, huku akinilaani kwa sauti.

Rubani huyo ni Kapteni Hamisi, na tajiri wa kampuni yetu, Mzee Karimu, alimpa yeye kazi ya kuamua. Safari moja tu, kwenda Dar na kurudi. Kapteni akirudi na neno zuri, ndege zote tatu zitafungwa uzi. Akisema ni mchezo wa watoto, natoa, na nisizungumze tena habari hiyo.

Dar es Salaam hadi Tabora

Ya kwenda hayana habari. Tuliondoka Dar asubuhi na maboksi ya dawa za misheni ya Ushirombo. Kapteni Hamisi ni mtu wa mjini, nadhifu, ukoo wake umetoka Ujiji, na shati lake haliruhusiwi kuwa na kunjo hata akitoka chini ya ndege. Kabla hatujafika Morogoro alitundika ramani kwenye dirisha la kushoto.

"Ya nini hiyo, Kapteni?"

"Jua."

Jua lilikuwa upande wa pili. Dirisha lile ndilo la kuonea uzi, na roho iliniuma.

Dodoma tulikula zabibu tukiwa tumesimama, upepo ukitupiga mchanga mdomoni. Tabora tukakwama. Mafuta ya ndege yalikuwa yamekwisha, na behewa lililokuwa likiyaleta lilikuwa limesimama mahali ambapo kila mtu alipataja tofauti. Siku tatu! Tulikula wali maharage mpaka tukafahamiana na maharage yenyewe. Kilichotufariji ni asali ya pale, tuliyochovyea mihogo ya kuchemsha.

Siku ya pili mama mmoja muuza maandazi aliizunguka ndege yetu, akasimama mbele ya uzi.

"Kijana, huu amekufungia nani?"

"Nimefunga mwenyewe, mama."

"Basi mganga ni wewe." Akaweka beseni chini. "Mume wangu ana baiskeli. Kila akinywa anaanguka nayo. Nifungie kama huu."

Nilimweleza habari ya bawa, upepo na pembe, kwa utaratibu, nikichora mchangani. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Nimekuelewa, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Ni siri."

Kapteni alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo, kila tulipokaa kula alinitambulisha kwa watu kama mganga wake wa usafiri. Nilicheka nao, lakini usiku nilimkumbuka Mama Kulwa, nikaona neno langu zuri linapotea kabla hatujafika nyumbani.

Tabora hadi Ushirombo

Mafuta yalipokuja tuliruka siku ile ile. Misheni ilikuwa imetupigia redio: huko Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, mchimbaji mmoja kijana, Masele, alikuwa ameangukiwa na udongo ndani ya duara, ndilo shimo lao la kuchimbia, na mguu wake umevunjika vibaya. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Tumchukue, tumfikishe hospitali ya Shinyanga.

Tulitua Ushirombo alasiri, mvua ikatua pamoja nasi. Hatukuweza kuendelea. Katekista Filipo, mtu mrefu mwenye sauti ya kuongoza rozari, alitupokea kwake, na mkewe Mama Anastazia akatuandalia ugali wa muhogo na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakiungwa kwa karanga. Nilikula mpaka nikafungua kifungo. Katekista yeye hakula vizuri. Alinitazama mara mbili tatu, mwishowe akauliza.

"Fundi, umebatizwa?"

"Ndiyo. Paulo."

"Paulo," akarudia, kwa huzuni kama mtu aliyepewa habari ya ugonjwa. Akaaga mapema.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nikaenda kwenye ndege na kitambaa changu cha kufutia, nikakuta bati lipo, mistari ipo, uzi haupo. Umekatwa safi, kwa kisu. Na bati zima lilikuwa na matone ya maji wakati nguzo ilikuwa imeshakauka.

Katekista alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika chupa.

"Nimekusaidia, Paulo," akasema. "Nimeuchoma. Hilo bati nimelinyunyizia maji ya baraka. Dawa za wagonjwa wa misheni haziwezi kubebwa na hirizi."

Sijui nyie mngefanya nini. Mimi nilikaa chini kwenye majani mabichi. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kulia, na Kapteni ndiye aliyekuwa akicheka upande wa pili wa ndege.

Aliyeniokoa ni Mama Anastazia. Alikuwa ametoka na ungo wake kupepeta mpunga, upepo mzuri wa baada ya mvua ukivuma. Nikamwomba ungo mtupu, nikamshikisha katekista kwa mikono miwili, uso kwa uso na upepo.

"Inua ukingo wa mbele kidogo."

Akainua. Ungo ukataka kupanda mikononi mwake.

"Unasikia unavyobebwa? Sasa endelea kuinua."

Akaendelea. Ungo ukapanda, ukapanda, kisha ghafla ukaacha kupanda, ukamsukuma kifuani akarudi nyuma hatua moja.

"Hapo ndipo rubani anapokufa," nikamwambia. "Uzi wangu kazi yake ni kumwonyesha kwamba hapo pako karibu. Basi."

Mama Anastazia ndiye aliyeelewa kwanza. "Kumbe ni kupepeta tu!" akasema. "Ungo ukiuinua mno, mpunga wote unamwagika. Filipo, umechoma kipimo cha watu."

Katekista aliona aibu kweli, na sikufurahia aibu yake kama nilivyotarajia. Aliingia kanisani, akatoka na bendera ya akina mama wa parokia, yenye vishada vyekundu pembeni. Akachomoa uzi mmoja kwa mikono yake mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Huu umebarikiwa siku ya sikukuu," akasema. "Utafaa?"

"Utafaa sana."

"Mashallah," akasema Kapteni Hamisi. "Sasa mimi Mwislamu nitapepea na bendera ya parokia." Lakini niliona ametazama ule ungo kwa muda mrefu.

Rwamgasa

Safari ya kwenda Rwamgasa ni fupi, na Kapteni hakutundika ramani. 

Uwanja wa pale ni kipande cha nyasi, mbele yake miti, na kabla ya miti kuna vilima vya udongo uliotolewa mashimoni. Watu walikuwa wamejaa. Mama yake Masele alikuja mbele, mwanamke mfupi aliyekuwa amelia mpaka ameishiwa.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, yaani mama.

"Marahaba. Wabeja, asante kwa kuja, baba. Mwanangu atapona?"

"Tukifika leo, mguu unaweza kupona."

Nilipanda kuukagua uzi mpya, nikauacha mlango wa nyuma kwa wachimbaji wenzake. Dawa tulikuwa tumezishusha misheni, na viti vya nyuma tulikuwa tumeshavitoa. Walimleta Masele na godoro lake, wanaume sita, wakitokwa jasho, mishipa ya shingo imewatoka. Nilishangaa kidogo, maana kijana mwenyewe ni mwembamba kama fito. Nikajisemea, haya ndiyo mapenzi ya watu wanaochimba shimo moja. Mmoja wao akamwinamia Masele sikioni, akamshika bega, akashuka bila kunitazama.

Nilipiga hesabu ya uzito kichwani. Rubani, fundi, mama mfupi, kijana mwembamba. Nafasi ilikuwa tele. Walitusukumia sufuria ya kande za njiani, na ile pia niliihesabu, kwa sababu mimi ni mtu makini.

Rwamgasa hadi Ibadakuli

Kapteni akafungulia mafuta yote. Ndege ikaanza kukimbia, na mara moja nilisikia matakoni kwamba kuna kitu si sawa. Ilikuwa nzito nyuma. Vilima vya udongo vikaja, Kapteni akatazama saa ya mwendo, ikafika pale inapofikaga siku zote, akavuta usukani. Tukaachana na ardhi.

Pua ikapanda yenyewe, zaidi ya alivyoivuta. Mimi nilikuwa kiti cha kulia, macho yangu yakavuka uso wake mpaka kwenye nguzo. Uzi wa parokia ulikuwa unapanda. Ukapita mstari wa kati bila kusimama.

"Kapteni, uzi!"

"Mwendo upo!" akajibu, na kweli mshale ulikuwa mahali pake, palepale pa kila siku.

"Mwendo huo ni wa ndege nyepesi! Tazama uzi!"

Akageuka. Ule uzi ulikuwa umegusa mstari wa juu, ukitetemeka. Mbele yetu kulikuwa na miti, na kila mtu mwenye akili akiona miti mbele anavuta usukani apande. Kapteni Hamisi aliusukuma. Alishusha pua ya ndege kuelekea kwenye miti, akiwa ameutolea macho uzi wa parokia, na mama yake Masele nyuma akaanza kumwita Mungu kwa Kisukuma.

Uzi ukashuka. Ukakaa mstari wa kati.

"Uache hapo," nikasema. "Hapo hapo."

"Nauona," akasema ameuma meno. "Nyamaza, nauona."

Ndege ikapata nguvu polepole. Tukapita juu ya miti karibu mno, majani nikayaona moja moja. Kisha miti ikawa chini yetu, kisha ikawa midogo, na Kapteni akaachia pumzi. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima. Niliwaza kumtania juu ya kunjo, nikaona si wakati wake.

Tukaanza kuiona mbuga ya Shinyanga. Hapo akasema, bila kunitazama, "Nitakata kona ya kutua. Nisomee uzi."

Ndugu zangu, mimi nimefanya kazi na ndege miaka mingi, lakini sijapata kuambiwa neno tamu kama lile. Nikamsomea. "Chini. Chini. Unapanda kidogo. Kati. Uachie." Tukakata kona juu ya mahali pale pale alipoangukia Luhende, na Kapteni akaongeza mwendo kuliko kawaida kwa sababu uzi ulimwambia aongeze. Magurudumu yakagusa Ibadakuli laini kabisa. Nilipiga kelele za furaha kama mpumbavu, na mama yake Masele akanipigia vigelegele bila kujua nashangilia nini.

Gari la hospitali lilikuwa likisubiri. Wauguzi wawili walijaribu kulivuta godoro, halikusogea hata kidogo. Masele akafumba macho. Nikanyanyua pembe ya godoro, na chini yake vilikuwa vimepangwa viroba vya mawe. Viroba vitano, vizito kila kimoja kiasi cha kumshinda mtu mmoja.

"Ni mgawo wangu," Masele akasema kwa sauti ndogo. "Wenzangu waliogopa nikiondoka hivi hivi utaliwa. Barabarani polisi wanapekua. Wakasema ndege haina polisi."

"Wewe umelalia mawe na mguu uliovunjika?"

"Nimelalia dhahabu, kaka."

Kapteni alikuwa na haki ya kumtukana mpaka jioni. Badala yake alicheka, akatikisa kichwa, akamwambia mama, "Mwanao anapona huyu. Hana dalili za kufa." Kisha akaenda kwenye ndege, akatoa kitabu cha safari, akaandika mbele yangu: *Uzi umefanya kazi. Bila uzi tusingefika. Ndege zote zifungwe.* Akatia sahihi, akapeleka kwa Mzee Karimu yeye mwenyewe. Mzee alisoma mara mbili, akaniuliza nahitaji sufu kiasi gani.

Kutoka karakana hadi kwa Mama Kulwa

Jiwe moja lilikuwa limedondoka kutoka kwenye kiroba. Nililiokota nikaenda nalo karakana, nikavuta mlango, na mguu wangu ukagonga lile jiwe langu la siku zote. Nikatazama chini. Nikatazama mkononi.

Yalikuwa meupe yote mawili, na yote yalikuwa na alama za patasi upande mmoja.

Jiwe lile la mlangoni nililiokota siku tuliyokusanya mabaki ya ndege ya Luhende. Yalikuwa mengi pale, yametawanyika, na kila mmoja wetu aliyapita. Nani atashangaa kuona mawe porini? Lakini ile ni mbuga ya udongo mweusi, nyie mnaijua, mnailima. Ng'ombe wanapita pale mwaka mzima bila kukwaa kitu. Pale hakuna mawe. Hayajawahi kuwapo.

Niliyatia yote mawili kwenye mfuko, nikapanda baiskeli. Safari hii nilipita njia ya karibu.

Mama Kulwa alikuwa uani akianika michembe, vile viazi vikavu. Alinijibu kwa kichwa kama kawaida. Sikungoja kukaribishwa. Niliyaweka mawe mawili kwenye kigoda mbele yake, nikamweleza: hili limetoka leo chini ya godoro la mgonjwa, limefichwa, na nusura lituue, hata na Kapteni Hamisi mwenye uzoefu wa miaka yote ile. Hili limetoka pale alipoangukia mumeo.

Aliyashika, moja kila mkono. Akayapima muda mrefu.

"Luhende hakuambiwa kwamba ndani ya mizigo kuna mawe," nikasema. "Aliitazama saa yake, na saa ilimwambia mwendo unatosha, kwa sababu saa haijui mzigo. Hakuna rubani ambaye angejua. Uliniuliza siku ile, nikakosa jibu, na ninakuomba radhi kwa kuchelewa. Ndege ilikuwa nzima, shemeji. Na yeye alikuwa mzima."

Hakulia. Nilidhani atalia, mimi ndiye niliyelia. Yeye aligeuka kuelekea ndani ya nyumba, mawe bado mikononi, akaita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba.

"Kulwa! Doto! Njooni hapa mkae. Fundi Shija amekuja kuwaambia baba yenu alikuwa rubani wa namna gani."

Wakaja, wakakaa. Nikaanzia Tabora, kwenye baiskeli ya yule mlevi.